Jina Lililojificha Katika Kilohezi

Kwa miaka mingi watu wa Kakonko, kama wenzao wa Kibondo na Kasulu, wamekuwa wakilitaja jina la profesa mmoja wa Kijerumani bila kujua kwamba wanamtaja mtu. Mtangazaji alipofungua matangazo yake alitaja kwanza mita bendi, kisha akataja kilohezi au megahezi, na msikilizaji akazungusha kitufe taratibu mpaka sauti ikakaa sawa. Basi hiyo "hezi" iliyomo ndani ya kilohezi ni jina la ukoo. Mwenye jina ni Heinrich Hertz, profesa wa fizikia aliyebobea katika mambo ya umeme na sumaku, ambaye alifariki tarehe 1 Januari 1894 akiwa na umri wa miaka 36, wakati hapakuwa na redio hata moja duniani. Kwa Kijerumani jina hilo hutamkwa sawasawa na neno lenye maana ya moyo, ingawa hilo ni la pembeni.

Nimevutwa kuandika habari zake kwa sababu ya swali moja ambalo kila mtu aliyesoma katika nyanda zetu za juu amelisikia nyumbani: elimu hii unayoisoma itatuletea nini? Mzazi aliyeuza maharage yake ili alipe karo ana haki ya kuuliza hivyo. Tangu Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, kwa msaada wa Wajerumani miongoni mwa wengine, kijana wa Buha anayeingia huko kusomea umeme hukutana na hesabu za Maxwell za mawimbi ya sumakuumeme, hesabu ambazo hazina uso wala harufu, naye hujiuliza lile lile swali la mzazi wake. Hertz aliulizwa swali hilo kwa barua, akalijibu kwa maandishi, na jibu lake lipo mpaka leo. Nitalifikia.

Alizaliwa Hamburg tarehe 22 Februari 1857, mtoto wa mwanasheria mwenye nafasi katika mji. Alikuwa na mikono ya fundi: tangu utotoni alichonga mbao na kukereza vyuma, na vyombo vingi alivyotumia baadaye alivitengeneza mwenyewe. Alikuwa pia na kichwa cha lugha. Alijifunza Kiarabu, na mwalimu wake akaona kwamba kijana huyu angefaa sana kuwa mtaalamu wa lugha za mashariki. Laiti angemfuata mwalimu yule, huenda tungemkuta leo katika orodha ya Wazungu waliosoma hati za kale za pwani, na hiyo hezi ingeitwa kwa jina la mtu mwingine.

Alianza na uhandisi. Alikaa mwaka mmoja Frankfurt akijifunza kazi kwa vitendo, akaenda Dresden, akatumikia jeshi mwaka mmoja Berlin, kisha akafika Munich mwaka 1877 ili aendelee na uhandisi. Hapo moyo wake ukagoma. Mwezi wa Novemba mwaka huo alimwandikia baba yake kuomba ruhusa ya kuacha uhandisi na kusoma sayansi ya maumbile yenyewe. Tukumbuke kwamba uhandisi ulikuwa na ajira ya hakika na fizikia haikuwa nayo. Baba alikubali. Katika maisha yote ya Hertz mimi hukiona kibali hicho cha mzee kuwa na uzito kuliko vyeo vyote vilivyofuata, kwani aliyekitoa hakuwa na njia ya kujua anatoa nini.

Mwaka 1878 alihamia Berlin kwa Hermann von Helmholtz, mwanasayansi mkubwa wa Ujerumani wakati ule. Yapo mambo ambayo ni lazima yasemwe hapa ili msomaji aone ugomvi ulikuwa wapi. Mskoti mmoja, James Clerk Maxwell, alikuwa ameandika kwa hesabu tupu kwamba umeme na sumaku vikitikisika pamoja huzaa wimbi, na wimbi hilo huenda angani kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa kuwa hiyo ndiyo kasi ya mwanga, Maxwell akasema mwanga wenyewe ni wimbi la namna hiyo. Alifariki mwaka 1879 bila mtu yeyote kuliona wimbi lake. Huko Ujerumani wengi hawakumwamini. Walishika nadharia zao wenyewe, ambazo ndani yake umeme mmoja huuvuta mwingine kutoka mbali papo hapo, bila kusafiri.

Mwaka ule ule wa 1879 Chuo cha Sayansi cha Berlin kilitangaza zawadi kwa mtu atakayepima sehemu ya nadharia hiyo, na Helmholtz akamtaka Hertz ajaribu. Hertz alikaa akapiga hesabu, akaona kwamba kwa vyombo vilivyokuwepo kinachotafutwa kingekuwa kidogo mno kuonekana. Akakataa. Hakuitupa kazi hiyo lakini, aliiweka kiporo. Mwaka 1880 alipata udaktari wake, akabaki kuwa msaidizi wa Helmholtz, na mwaka 1883 akaenda kufundisha Kiel ambako hapakuwa na maabara ya maana. Miaka miwili akawa anafanya hesabu kwenye karatasi. Walipotaka kumpandisha cheo hapo hapo, alichagua kwenda Karlsruhe, chuo cha ufundi, kwa sababu moja ya wazi: kulikuwa na maabara.

Basi mwaka 1885, akiwa na miaka 28, akawa profesa. Ndio mwaka ambao Kaisari alimpa Carl Peters hati ya ulinzi na koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani likaanza kwenye karatasi. Waha wa Buyungu na Muhambwe hawakuwa na habari na hayo yote mawili. Mwaka uliofuata Hertz alimwoa Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake, na majira ya vuli ya mwaka huo huo akaona cheche.

Cheche yenyewe ilikuwa hivi. Katika chumba cha kufundishia kulikuwa na koili mbili za kuonyeshea wanafunzi. Hertz aligundua kwamba umeme ukiruka kwa cheche kwenye koili moja, cheche ndogo huruka pia kwenye nyingine, ingawa hakuna waya unaoziunganisha. Mwalimu mwingine angesema vyombo vimechakaa, akaendelea na somo. Yeye alisimama hapo hapo na kukumbuka kiporo chake cha Berlin.

Alitengeneza chombo cha kurusha: waya mnyoofu wenye matufe ya chuma, na katikati mwanya mdogo ambamo cheche huruka. Chombo cha kupokea kilikuwa rahisi zaidi: waya wa shaba uliopindwa kuwa duara, usiofunga kabisa, ulioachwa na ufa ambao hupimwa kwa skrubu nyembamba. Cheche ya kupokea ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilimlazimu kukaa gizani mpaka macho yazoee. Alitumia ukumbi wa mihadhara wenye urefu wa mita 15 hivi, akaondoa taa za kuning'inia na mabomba ya gesi, kwa kuwa kila kipande cha chuma kiliyavuruga mawimbi. Ukutani alisimamisha bamba la zinki lenye kimo cha mita 4. Akawa anatembea na duara lake la waya kutoka ukutani kuja mbele, hatua kwa hatua. Mahali fulani cheche ilikuwa na nguvu, mbele kidogo ikafa, mbele zaidi ikafufuka. Kilichoenda kilikuwa kinagonga bamba na kurudi, kikakutana na kinachokuja, kama mawimbi ya Tanganyika yanavyokutana chini ya jabali. Kwa kupima umbali kati ya cheche iliyokufa na cheche iliyokufa, alipata urefu wa wimbi. Lilikuwa la mita tisa na kitu.

Kisha akayafupisha mawimbi mpaka sentimita 60 na ushei, ili aweze kuyachezea kama mtu anavyochezea mwanga. Aliyaelekeza kwa vioo vya bati vilivyopindwa. Alitengeneza mche wa lami ngumu wenye kimo cha mita moja na nusu na uzito wa kilo 600 hivi, ili aone kama mawimbi yatapinda yakipita ndani yake, jinsi mwanga unavyopinda ndani ya kioo. Yalipinda. Mwisho wa mwaka 1888 ubishi ulikuwa umekwisha: Maxwell alikuwa amesema kweli. Wafaransa walikuja kumkosoa baadaye, maana Poincaré aligundua kosa katika hesabu yake ya mitetemo, na kosa lilikuwepo kweli. Lakini cheche zilikuwa zimekwisha kuonekana gizani.

Njiani aliokota kitu kingine. Alipoufunika ule mwanya wa kupokelea kwa sanduku ili aione cheche vizuri, cheche ikafupika. Aliifuatilia miezi kadhaa mpaka akabaini kwamba mwanga usioonekana kwa macho, ulio ng'ambo ya rangi ya zambarau, husaidia umeme kuruka kutoka kwenye chuma. Aliichapisha habari hiyo mwaka 1887 akawaachia wengine waieleze. Einstein ndiye aliyeieleza, mwaka 1905. Mabamba ya sola yanayoonekana siku hizi juu ya mapaa ya Kakonko hayafanyi kazi kwa namna ile ile hasa, ila ni ya ukoo mmoja.

Sasa nije kwenye swali. Mwishoni mwa mwaka 1889, Hertz akiwa amehamia Bonn, mhandisi mmoja wa Munich aitwaye Huber alimwandikia akiuliza kama mawimbi hayo yangeweza kuchukua maneno ya simu. Hertz alimjibu mwezi Desemba. Alieleza kwamba mitetemo ya sauti katika simu ni ya polepole mno. Tukichukua mitetemo 1,000 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa kilomita 300, na ili kulielekeza ungehitaji kioo chenye ukubwa wa bara zima. Kwa hiyo haiwezekani.

Wapo wanaoisimulia barua hii ili kumcheka: tazameni profesa mkubwa, hakuona kilichokuwa mbele ya pua yake. Sioni haki katika kicheko hicho. Hesabu yake ni sahihi hata leo. Gawanya kilomita 300,000 kwa 1,000, utapata 300 zake. Aliulizwa kama wimbi la sauti lenyewe linaweza kurushwa, akasema hapana, na ni hapana. Kilichokuwa hakijamjia yeye wala Huber ni kwamba sauti haina haja ya kwenda kwa miguu yake. Huchukua wimbi fupi, la haraka, linalosafiri vizuri, sauti ikapandishwa juu yake kama mzigo juu ya kichwa cha mpagazi, na huko mwisho wa safari mpagazi hutuliwa mzigo na kuachiwa aende zake. Waha waliowaona wapagazi wa njia ya Ujiji wangelifahamu jambo hilo mara moja. Ilichukua miaka kadhaa ya karne ya 20 kabla mafundi hawajaweza kufanya hivyo.

Hertz hakuifikia miaka hiyo. Bonn alirithi kiti na hata nyumba ya Clausius, akapewa medali ya Rumford huko London mwaka 1890, na kuanzia mwaka 1892 akaanza kuugua. Maradhi yalianzia puani, yakaenda kwenye mifupa ya uso. Alipasuliwa mara kadhaa. Katika muda huo aliacha cheche kabisa akaandika kitabu cha misingi ya makanika, kilichotoka baada ya kifo chake. Alifundisha mpaka Desemba 1893. Aliacha mjane na binti wawili, Johanna na Mathilde; na kwa kuwa baba yake Hertz alitoka katika ukoo wa Kiyahudi, mama huyo na binti zake waliondoka Ujerumani wakati wa Hitler wakaenda Uingereza. Nchi iliyomzaa haikuwa na nafasi kwa watoto wake.

Mwaka wa kifo chake, kijana mmoja wa Italia, Marconi, alisoma habari zake, na kufikia mwaka 1895 alikuwa akijaribu kupeleka alama za simu bila waya. Mwingine alikuwa Ferdinand Braun, profesa aliyekuwa na kiti cha Karlsruhe kabla ya Hertz. Hao wawili waligawana Zawadi ya Nobel ya mwaka 1909. Na ni kutokana na kazi za kina Braun kwamba mawimbi ya Hertz yaliingia Afrika Mashariki, kwa mitambo ya simu za upepo iliyojengwa Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam kabla ya Vita vya Kwanza. Faida yake ya kwanza kwetu, kama ni faida, ilikuwa kuvuta mizinga. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza iliishambulia Dar es Salaam kwa ajili ya mnara huo. Mwezi Juni 1915 jeshi la Waingereza lilivuka Ziwa Viktoria likaivamia Bukoba, na shabaha yake kuu ilikuwa mnara wa simu ya upepo, ambao uliangushwa. Kutoka Kakonko hadi Bukoba ni kama kilomita 235 tu, akipita ndege.

Redio ya kusikiliza ilikuja baadaye sana. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Deutsche Welle mwaka 1963, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikapata jina hilo mwaka 1965. Kwa wilaya iliyokuwa mbali na reli na mbali na lami, masafa mafupi hayakuwa anasa. Gazeti lilifika likiwa limezeeka. Taarifa ya habari ilifika saa ile ile iliyosomwa. Kilichokuwa adimu ni betri. Zilianikwa juani, zikabanwa pamoja na mpya moja kwenye bomba la mwanzi, na redio ikafunguliwa kwa habari na vifo tu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kuizunguka redio katika vijiji vingi vya Tanzania, na vyoo vikachimbwa.

Kisha ikaja miaka ambayo sote tunaijua. Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993. Nchini Rwanda, kituo cha RTLM kilikuwa hewani tangu Julai mwaka huo, na mwaka 1994 kilitumia mawimbi yale yale ya Karlsruhe kuwahimiza watu kuua jirani zao. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Wilaya ya Kibondo, ambayo Kakonko ilikuwa sehemu yake mpaka ilipokuwa wilaya mwaka 2012, ilipokea Warundi katika makambi ya Kanembwa, Mtendeli na Nduta. Lakini mwaka ule ule wa 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Gahuzamiryango, jina lenye maana ya kinachounganisha familia, kikisoma majina ya waliopotezana. Mwaka 1995 Wajesuti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera huko Ngara, na kwizera ni kuamini, kutumaini. Msemaji wa Kiha hahitaji mkalimani kwa Kirundi wala kwa Kinyarwanda. Aliyekuwa na redio Kakonko alielewa yote, ya kuua na ya kutafuta mama.

Nimewahi kusikia hoja kwamba mwanasayansi abebe lawama ya matumizi ya kazi yake. Kwa waliotengeneza bomu wakijua ni bomu, sawa. Kwa mtu aliyetembea gizani na duara la waya akitaka kujua kama Mskoti fulani alisema kweli, hoja hiyo inanishinda. Tukimtoza RTLM, itatubidi pia tumlipe Gahuzamiryango.

Hesabu zake bado zinatuzunguka. Kituo cha FM cha megahezi 100 kina wimbi la mita 3. Simu ya mkononi ya mkulima wa Muhange, mpakani na Burundi, ikitumia megahezi 900 ina wimbi la sentimita 33, kwa hiyo simu hiyo iko karibu na cheche za Karlsruhe kuliko ilivyokuwa redio ya masafa mafupi. Deutsche Welle ilirushia matangazo yake kutoka mitambo ya Kigali tangu mwaka 1965, mahali pasipofika kilomita 200 kutoka Kakonko. Mwaka 2003 redio hiyo ilihamisha makao yake kutoka Cologne kwenda Bonn, mji aliofundisha na kufia Hertz. Mitambo ya Kigali ilizimwa Machi 2015.

Jina la hezi kama kipimo lilipitishwa na mkutano wa kimataifa wa vipimo mwaka 1960. Gridi ya Taifa ilifika kwetu mwaka 2022 kwa njia ya Nyakanazi, na umeme wake hutetemeka mara 50 kwa sekunde; wimbi lake, kwa hesabu ile ile aliyompigia Huber, lina urefu wa kilomita 6,000. Kwenye mita ya LUKU imeandikwa 50 Hz. Hiyo H huandikwa kubwa kwa kuwa ni jina la mtu.